Bi Kitamori, Aliyeipachika Kamera Ulimi

Tarehe 31 Machi Bi Chizuru Kitamori anastaafu, baada ya miaka thelathini na minane katika kiwanda chetu hapa Kumamoto. Wengine huaga wakiwa na saa ya ukutani. Yeye anaaga akiacha idara nzima ikiwa bado kazini, na hilo ni kwa sababu yake.

Alianza akiwa mkaguzi wa macho ya kamera, vile vibamba vidogo kama ukucha vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, kisha akasomea uhandisi. Wateja walipopungua, Mkurugenzi Tokunaga alitangaza kwamba idara yetu itafungwa. Bi Kitamori akasimama na wazo lake: tuondoe lenzi, tuzibe mwanga, tupake juu ya kibamba utando mwembamba unaoamsha umeme ukiguswa na chumvi ya jasho. Kikivaliwa kama bangili, kimwonye mtu kabla joto halijamwangusha.

"Kamera haina ulimi, Bi Kitamori," mkurugenzi akasema.

"Basi tuupachike," akajibu, akaketi. Akapewa mpaka mwisho wa kiangazi.

Julai tukawavalisha bangili wajenzi waliokuwa wakipanua ghala letu. Loo, aibu tuliyoipata! Baada ya mapumziko ya chai bangili zote zikaanza kulia. Msimamizi wao akamwambia Bi Kitamori, "Mama, kwa hesabu ya bangili yako, sisi tumezikwa tangu jana."

Tukabadilisha utando, tukabadilisha nyaya, wapi. Baadhi yetu tulianza kutafuta kazi kwingine kimyakimya.

Kumbe mchawi alikuwa nyumbani. Kila kiangazi Bi Kitamori hugawa umeboshi, plamu za chumvi anazosindika mwenyewe, ili watu wasizidiwe na joto. Wajenzi walikula, wakalamba vidole, na kwa vidole hivyohivyo wakakaza bangili. Alipoliona hilo, mtungi wa plamu ukiwa mikononi mwake, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatuita sote.

"Mharibifu ni mimi na mtungi wangu," akasema. "Ulimi wetu mzima kabisa."

Jaribio la pili kila mtu alinawa. Bangili zikatulia, isipokuwa ya Bwana Tokunaga mwenyewe, aliyesimama juani na suti yake. "Imekosea tena," akasema. Bi Kitamori akamshika mkono, akamkalisha kivulini, akampa maji. Akayanywa yote, akajilaza kwenye benchi. Muuguzi wa kiwanda alipothibitisha kwamba ni joto, tulishangilia huku mkurugenzi wetu akiwa bado amelala kwenye benchi. Atusamehe, tulikuwa na furaha.

Leo bangili zetu zinavaliwa na wajenzi, wakulima na wazima moto, na idara iliyokuwa ifungwe inaajiri.

Bi Kitamori, asante kwa ukaidi wako na kwa riziki zetu. Huko kwenye miti yako ya plamu, siku zako na ziwe tamu kuliko unachosindika.

Mtungi amemwachia Bwana Tokunaga. Jana mkurugenzi alitukaribisha plamu ofisini kwake, na kabla hatujarudi kazini alitupanga kwenye sinki, mmoja mmoja, tunawe.