Bi. Adija Aliyeuliza Jina la Bibi

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Adija Twalibu, muuguzi wa wodi ya watoto, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Alianzia Kasulu mjini, kwao, kisha akaletwa Kibondo kwa miezi sita tu. Barua ya kumrudisha haijafika mpaka leo.

Wauguzi wa zamu waliogopa mlio wa viatu vyake kuliko sauti ya mganga mkuu. Chai yake ya tangawizi hatutaisahau. Ofisi imemtunuku cheti cha usafi wa wodi. Usafi! Nimekisoma mara mbili nikidhani kuna ukurasa umedondoka, basi naomba niuandike mimi.

Mwaka 2013 mtoto Nestori Gwimo wa Kitahana alifia wodini kwa homa na degedege. Mwaka 2016 Evaristi Ntahondi, vilevile. Mara zote mbili tuliandika malaria kali. Walikuwa baba mmoja mama mmoja, ila sisi Waha kila mtoto tunampa hata jina la pili lake mwenyewe, si la baba, na mafaili yao yakakaa makabati tofauti kama ya watu wasiojuana. Aliyeyapanga ni mimi, Muha mwenzao, na bado naona aibu. Kule nyumbani wakwe walimwita mama yao, Immakulata, mchawi. Wakamrudisha kwao Makere, binti yake wakambakiza.

Mwaka 2019 shangazi mtu alimleta binti huyo, Kristina Buhoma, akiweweseka. Bi. Adija, ambaye kwao ndugu wote ni Twalibu, hakuyaamini majina yetu. Aliuliza bibi wa mtoto ni nani, na wajukuu wengine wa bibi huyo wako wapi. Shangazi akawataja marehemu wawili. Bi. Adija akaja masjala, akayatoa mafaili, akasimama mlangoni kwa daktari aliyetaka kusubiri kipimo cha malaria, akasema watoto watatu wa tumbo moja kuugua hivi si malaria, huenda ni kirusi cha ubongo. Hakuondoka mpaka dawa ya virusi ilipoingia mshipani. Kristina alipona.

Majibu ya damu ya Kristina na wazazi wake, iliyopelekwa kupimwa, yalirudi mwaka uliofuata. Kirusi ni kilekile cha malengelenge ya midomoni, ambacho wengi wetu tunacho. Familia hii ina hitilafu ya kurithi inayoufanya ubongo ushindwe kukizuia. Imetoka upande wa baba. Si kosa la mtu, lakini Immakulata alikuwa ameishi na fedheha ya kuitwa mchawi miaka minne! Kwa ridhaa ya wazazi, Bi. Adija alipanda pikipiki hadi Kitahana akawasomea wakwe majibu yale, neno kwa neno. Immakulata alirudi kwa mwanawe.

Tangu hapo Bi. Adija ameomba kadi ya mgonjwa iongezwe mstari mmoja tu. Kila mwaka anajibiwa kuwa kadi imetoka juu, haiguswi.

Bi. Adija, asante. Pumzika Kasulu kwa afya na amani, na viatu vyako virudi kututembelea. Masjala tumechonga mhuri: "Bibi mzaa baba, bibi mzaa mama, ndugu waliougua." Kuanzia Jumanne kila kadi itagongwa. Atakayeudhika anikute dirisha la tatu.

Kipriani, Masjala