Jina la Pili Kitabuni

Fundi cherehani hakukusudia kusikiliza, lakini kwenye boti ya kutoka kisiwani masikio hayana pazia. Mbele yake mzee mwenye buti zilizolika visigino alikuwa akimsimulia jirani yake mwaka wake: vilele kumi na tisa, visiwa vinne, na kila alipofika alitia sahihi kwenye kitabu cha wageni.

"Naandika jina langu, kisha la mdogo wangu. Tulipanga kuzunguka pamoja, mauti yakamwahi."

Fundi akamhurumia. Jirani, mwanamke mwenye koti la kikosi cha uokoaji, aligeuka taratibu. "Ule mlima wenye kibanda cha mabati, mwezi wa sita. Ni wewe?"

"Ndiye mimi."

"Kitabu cha kileleni kilisema wamefika wawili, getini akatoka mmoja. Mzee wangu, huyo wa pili tulimtafuta siku mbili kwenye mvua. Mwenzetu aliteleza akavunjika mguu, mpaka leo anachechemea."

Fundi akairudisha nusu ya huruma yake.

Mzee akavua kofia. "Nisamehe, binti yangu. Sikujua kama kuna anayekisoma."

"Utaacha?"

Mzee akaikunja kofia mapajani. Boti ilikuwa inakaribia gati, watu wakaanza kusimama. "Mlipomtafuta," akauliza, "mlimwita kwa jina?"

"Watu kumi na wawili, mpaka sauti zikatukauka."

"Nami nilidhani nimebaki peke yangu wa kumwita."

Boti ikagonga gati. Mwokoaji alikuwa ameshashika mkoba wake, lakini hakuinuka.