Sinia Lililompita Mpiga Zumari

Dirisha langu liko juu ya baraza ya Mzee Abdulghafur, pale Kuze, na mtoto wangu halali mchana ila nimpakate hapo penye upepo. Kwa hiyo yasemwayo barazani huyasikia, nitake nisitake. Baada ya alasiri hukaa watatu. Mwenye baraza ndiye mpiga zumari wa harusi zetu, na wamemwita Mzee Pumzi kwa kuwa hupuliza bila kukata. Wa pili ni Faraj mshonaji, aitwaye Sindano. Wa tatu, Abdulhalim, huitwa Gazeti, maana hakosi gazeti la juzi kwapani. Muuza kahawa akifika na dele lake, huanza.

Siku hiyo, mwaka wa sitini na sita, sinia la tambuu kutoka nyumba ya harusi ya Khairiya lilipita mbele yao, halikusimama, likaingia kwa Athmani fundi wa redio, upande wa pili wa njia. Kwetu nyumba ya harusi ikimtaka mpigaji haimtumii maneno, humpelekea tambuu. Na Athmani hana ala. Ana mashine ya kunasa sauti aliyoinunua kwa baharia wa Kilindini. Huunganisha matumbo ya redio mbovu mpaka zikapiga mbinja zenyewe, akazinasa kwenye tepu, akaikata tepu kwa wembe na kuigeuza nyuma mbele. Nikipita mlangoni kwake husimama kidogo kusikiliza, halafu naona haya, nikaenda zangu.

Mzee Pumzi alishika kikombe asinywe.

— Mlio wa waya ndio waitwa ngoma siku hizi?

Sindano alisema mle ndani mna shetani, na ndiyo maana valvu huwa nyekundu zikikasirika.

— Kikulacho ki nguoni mwako, mzee. Ndiyo maana mimi nguo huzikung'uta kabla ya kushona.

— Hiyo yaingia wapi hapa?

— Itaingia tu, ngoja.

Gazeti alikataa mambo ya shetani. Yeye alisoma kwamba Warusi wamerusha nyota ya chuma, na nyota hiyo hulia angani kama kifaranga. Basi Athmani huiita kwa ule waya aliouvuta darini, na siku moja itaitika, ishuke juu ya Kuze yote. Sindano akauliza kama itaangukia upande wa duka lake.

— Nyinyi hamjui kitu, akasema Mzee Pumzi. Harusi ile ya Tononoka Athmani alikuja akaniwekea kichuma cha kunasia sauti mbele ya zumari langu. Nikapuliza. Tangu siku ile kifua kizito, ngazi naipanda nikisimama. Pumzi yangu imo mle ndani ya tepu. Sasa wampa yeye tambuu kwa pumzi yangu mimi.

Hakuna aliyecheka. Yangeishia hapo, lakini Gazeti hajui kunyamaza. Alisema huenda siku ya harusi mzee atapewa kiti karibu na spika, ailinde watoto wasije wakaiangusha.

Ndipo Mzee Pumzi akaweka kikombe chini, akasema maneno ambayo mwanamume hayasemi kwa mzaha:

— Nikilipuliza zumari langu harusi ya Khairiya, mke wangu Mwanabaraka ameachika.

Sindano alimsihi aombe msamaha kwa Mola wake. Akajibu kwamba limetoka, na lililotoka halimezwi.

Kahawa ilikuwa ikimiminwa tena Athmani alipovuka njia, sinia mikononi. Aliwatolea salamu, akainama kumbusu mzee mkono.

— Mejumaa, shangazi yake bibi arusi, amenitaka mimi, akasema. Nimemwambia mashine yangu yala umeme, na waya waishia mlangoni kwake. Bwana harusi akitoka msikitini, njia nzima apigiwe na nani? Amesema nikuletee hili. Mimi ndani, wewe njiani.

Mzee hakulipokea sinia. Athmani akadhani hajaridhika, akapunguza sauti.

— Sitakuficha. Tepu naiunga kichwa na mkia, izunguke isikome, nipate sauti isiyokata kama yako. Pale penye kiungo yakata tu. Nakuonea wivu, mzee, wallahi. Utapuliza?

Mzee Pumzi alimtazama Sindano. Sindano alimtazama Gazeti. Gazeti akafungua gazeti lake. Muuza kahawa aliliinamisha dele mpaka likawa halitoi hata tone, na hakuondoka.

Athmani aliwatazama mmoja mmoja, sinia bado mikononi, akauliza tena.

— Utapuliza, baba?

Chini yangu, jikoni kwa mzee, Mwanabaraka alikuwa ameketi kukuna nazi. Mbuzi yake ilikuwa imenyamaza tangu kile kiapo, wala haikulia tena.