Mahadhi ya Kuzikia: Maisha ya Mzee Paskal Kerketta

Mzee Paskal Kerketta alizaliwa tarehe 14 Septemba 1949 hapa Torpani, wilaya ya Gumla, mtoto wa tatu wa marehemu Mangra na marehemu Salomi. Alisoma shule ya misheni, kisha chuo cha makatekista Ranchi, alikojifunza kinanda na kazi ya kuoanisha tenzi za kale za Kanisa na mahadhi yanayozifaa.

Alikuwa katekista na mwalimu wa kwaya wa parokia hii kuanzia 1971 hadi 2014. Februari 1973 alifunga ndoa na Bibiana Tirkey.

Aprili 1984 mama yake alifariki. Paskal alikuwa ameutia utenzi wa kuwaaga wafu katika Kikurukh, lugha yetu, mizani nane kila mshororo, akauvika mahadhi ya Ulaya yenye mizani hiyo hiyo. Hesabu haikuwa na kasoro. Lakini kaburini watu walifumba midomo, akaimba peke yake mpaka mwisho. Mama akafukiwa bila sauti za watu wake. Jambo hilo lilimkaa moyoni.

Akajaribu mahadhi ya nyimbo za kupandikiza mpunga. Kwaya ikacheka. Mama Budhni, mkubwa wa waimbaji, akamwambia, "Mwanangu, hayo ni ya mvua. Mtu akifa kiangazi, tumwambie angoje?"

Kweli, kila mahadhi aliyoyajua yalikuwa na majira yake: ya sikukuu ya maua, ya mavuno, ya ngoma za sikukuu ya Karam. Kifo hakina majira.

Asubuhi moja alimkuta mkewe akisaga ulezi kwa jiwe la mkono na kuimba. Akasimama mlangoni, vidole vikihesabu.

"Baba Anima, mbona umekauka hapo? Unga bado!"

"Endelea, usikate."

"Wimbo wa jiwe huu! Utaupeleka kwa Mungu?"

"Wewe saga tu."

Mizani nane, na pumzi pale jiwe linapogeuka. Tena wanawake huuimba mwaka mzima, maana kila siku watu hula.

Utenzi uliimbwa kwa mahadhi hayo ya jiwe mara ya kwanza tulipomzika Mama Budhni mwenyewe. Kufika ubeti wa pili, watu wote walikuwa wameupokea, hata wachimba kaburi, hata wazee ambao kanisani hawakuwahi kufungua kinywa. Sauti ilijaa bonde. Paskal alishusha mikono. Hapakuwa na wa kuongozwa. Baadaye alisema aliogopa, kama mtu aliyebisha hodi akafunguliwa na Mwenye nyumba mwenyewe.

Tangu 2022 alisumbuliwa na mapafu. Padri Kujur alipomwomba achague nyimbo za mazishi yake, alijibu, "Usiniulize mimi, Padri. Siku hiyo mimi siimbi." Alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, alfajiri.

Ameacha mjane, Mama Bibiana. Watoto watatu, Anima, Prakash na Sushila. Wajukuu, na parokia nzima.

Vitabu vya nyimbo vibaki mifukoni. Mama Bibiana ataanza, nasi sote tutapokea. Mungu ampumzishe katika amani yake.