Mjusi Juu ya Duara

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe na sisi tunaoishi kati ya mashimo ya dhahabu huku Geita!

Mimi ni Mama Doto. Mume wangu ni mzee wa kanisa, nina wajukuu, na bado nacheza. Jioni watoto wa majirani hujaa uani kwangu, naruka nao kamba, nagaragara nao chini. Ndugu zangu, nimesemwa! Akina mama wakanong'ona kwamba nina pepo la utoto. Nikaitwa mbele, nikaombewa. Niliporudi nyumbani nililia: "Mungu, kama furaha hii si yako, iondoe."

Kesho yake mchana nikasikia mayowe. Minza, binti wa jirani yangu, mtoto wa miaka sita, alikuwa amesimama katikati ya duara, shimo la dhahabu lililoachwa na wachimbaji. Shimo lile refu lilifunikwa kwa magogo tu, nayo yameoza. Mama yake yuko ukingoni anapiga kelele, "Minza! Rudi hapa, nakwambia!" Mtoto akadhani atachapwa. Akazidi kurudi nyuma. Gogo likapasuka. Udongo ukaporomoka, wala hatukusikia ukitua.

Mwanamume mmoja akataka kumfuata, nikamkamata shati. Uzito wake ungewaua wote wawili.

Ndugu zangu, nikatoa ulimi, nikacheka, nikaita, "Minza! Leo nani mjusi?"

Huo ni mchezo wetu. Nikitaja mjusi, watoto hulala kifudifudi na kunifuata wakitambaa.

"Mama Doto, unacheza, mwanangu anakufa?" mama yake akalia.

Nikalala kwa tumbo vumbini, mbele ya watu wote. Minza akanitazama. Akatabasamu. Akalala.

"Mjusi hana haraka," nikamwambia. "Tumbo chini. Njoo."

Akaja polepole. Gogo likakatika nyuma ya miguu yake, likazama. Usoni nacheka, moyoni naliita jina la Yesu! Vidole vyake vilipogusa vyangu, nikamvuta, nikamkumbatia, ndipo nikapiga yowe.

Namshukuru Mungu kwa kuninyima nilichomwomba! Ndugu yangu, kama amekupa moyo wa kucheza, usiuonee haya kwa sababu una mvi. Mwamini aliyekupa.

Siku hizi Mama Minza naye huja uani jioni. Amelima tangu utotoni, hakuwahi kucheza. Bado akicheka hufunika mdomo kwa kanga. Mwombeeni, wapendwa. Anajifunza.