Mkongwe wa Meza ya Kukatia

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1963. Hesabu alizipenda, kushona hakukupenda hata kidogo.

Tarehe 3 Juni 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule kuwa mkataji wa vitambaa. Hajafika miaka thelathini na tano, wenzake walishamwita Mkongwe, maana kila aliyeshika mkasi pale alifundishwa naye. Karani alipomuuliza kama jina hilo halimzeeshi, alicheka: "Uzee utanijia bure, mwanangu. Ukongwe nimeufanyia kazi." Alililinda kwa wivu neno hilo. Baiskeli ya baba alikataa katakata isiitwe kongwe. Alisema hiyo imechoka tu.

Aliolewa mwaka 1972 na mwashi, baba yetu, aliyetutangulia mwaka 2003. Walijaliwa watoto wanne.

Mwaka 2011 macho yake yalianza kufifia. Hakusema. Nasi hatukusema, mimi kitindamimba wake niliyekuwa mkataji wa meza ya pili, na wakataji wenzangu. Kila jioni akishaondoka, tulisawazisha vipande vyake kimyakimya, na vilivyoharibika kabisa tukakata vingine. Meneja angejua, angemwondoa siku hiyo hiyo. Miaka mitatu, jamani. Tulichoka, lakini nani angemwambia Mkongwe aweke mkasi chini? Alistaafu kwa hiari yake mwaka 2014.

Figo zilimlaza tangu 2019. Nilimuuguza miaka mitano, na mnisamehe nikisoma polepole, sijalala vizuri siku nyingi. Wiki yake ya mwisho alipapasa pindo la shuka, akasema, "Asubuhi nilikuwa nakuta vipande vyangu vimenyooka. Mlidhani vidole navyo vimepofuka?"

Nililia. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Wewe kola ilikuwa inakushinda. Kwa kunirekebisha mimi, ukaiweza. Ndipo nikaondoka."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Ameacha watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na wakataji kumi na saba waliosimama pale nyuma.

Gauni alilovaa leo nimelikata mimi, pamoja na kola yake. Hakuna aliyelirekebisha.

Mama, weka mkasi chini sasa. Pumzika kwa amani.