Mama Mwani na Taa Nyekundu ya Tangi la Chini

Miaka ishirini na tisa na miezi minne amefanya kazi chini ya miguu yetu. Ijumaa hii, saa sita mchana, Mama Mwani anavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho na kustaafu. Nimepewa mimi, fundi wa pampu, niandike habari zake, na waliochagua hawakukosea. Shule nilikaa miaka mitatu tu, lakini hakuna kinachotembea na maji katika jengo hili nisichokijua. Karani amepiga chapa. Nimemkataza asinisahihishe.

Wageni wetu huishia ukumbini, kwenye kioo kikubwa chenye matumbawe na samaki wa rangi. Hawajui kwamba chini yake, ukishuka ngazi kumi na moja, kuna chumba kisicho na dirisha na tangi la pili. Maji ya juu huteremka humo kusafishwa, kisha pampu zangu huyapandisha. Humo ndimo alimofuga mwani wake, wa nyuzinyuzi, umejisokota kama nywele zisizojua kitana. Mwani ule hula uchafu wa samaki. Ukishiba, matumbawe yanaishi. Ukifa unaoza, unatapika kila ulichokula, na juu hakibaki kitu.

Mwaka wake wa kumi na saba matumbawe yalianza kufa. Yaliota utelezi wa kahawia, mengine yakabaki meupe kama mfupa. Taa za chini zilikuwa zimechoka na mwani umekonda. Meneja wa wakati huo alimpa siku ishirini na moja: maji yasipotakata, kioo kinakaushwa, ukumbi unageuzwa bohari, na yeye anakwenda nyumbani.

Muuza taa alileta taa za LED za namna tatu. Za buluu, kama zile zinazopendezesha matumbawe juu. Nyeupe kali. Na nyekundu iliyotiwa buluu kidogo, yenye mwanga wa zambarau wa kuudhi. Mimi nilisema nyeupe, mtu aone anachofanya. Mama Mwani akanikata kauli, "Mzee Pampu, taa si yako, ni ya mwani." Alipanga ndoo tatu, kila moja na bonge lake la mwani na taa yake, akangoja siku saba, akaukamua kama nguo na kuupima kwa mizani ya jikoni. Wa buluu ulikuwa vilevile. Wa nyeupe uliongezeka, lakini ndoo nzima iliota utelezi. Wa nyekundu ulizidi mara mbili. Basi. Taa nilizifunga mimi, na hadi leo haijalegea hata skrubu.

Ila chumba kiligeuka. Ukiingia mle, midomo ya mwenzako ni myeusi na uso wake kama wa mtu aliyetolewa majini. Mkata tiketi alishuka mara moja kufuata ufagio, akapanda mbio bila ufagio, akasema kuna kichwa cha mtu kinabingirika tangini. Ulikuwa mwani tu, umekua bonge, mkondo unauzungusha, na mapovu madogo yanautoka kama unapumua. Tulimcheka sana. Lakini mimi mwenyewe nilianza kushuka napiga mluzi, na mimi si mtu wa kupiga mluzi.

Siku ya kumi na sita binti yake alijifungua, naye akaenda kumwona. Aliniachia neno moja tu: nisiguse. Kesho yake nikashuka, nikautazama mwani kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu tufunge taa, nikaukuta mweusi tititi, tangi zima. Nikajua umekufa, na ukioza, matumbawe kwisha na mama wa watu kazi hana. Sikungoja mtu. Nikazamisha mikono hadi mabegani, nikaukumbatia. Ulikuwa mzito, na nyuzi zake zikanishika viganja, zikashika kweli, kama mtoto anayekataa kushushwa mgongoni. Nikaubwaga kwenye karai, nikapanda nao. Mlangoni jua likaupiga.

Kijani. Kijani kibichi ambacho sijakiona tena. Kumbe chini ya taa ile kijani huonekana cheusi. Sikukosea mimi, taa ndiyo iliyosema uongo. Nikaurudisha upesi, nikafuta maji ngazi zote, sikumwambia mtu.

Siku iliyofuata akarudi. Alisimama ngazi ya juu kabisa, tangi hajaliona. Akasema, "Mzee Pampu, umeutoa nje."

"Nani kakuambia?"

Alishuka, nikamsikia akiubembeleza kama mtu anayebembeleza kichanga.

"Mama, huo mwani hausikii."

"Basi mbona unanong'ona?"

Na kweli, nilikuwa nanong'ona.

Siku ya ishirini na moja meneja alikuja na watu wa kukausha. Utelezi ulikuwa umeachia, na matumbawe yamefungua vidole vyote. Alitazama kitambo, akawageuza watu wake, na bohari haikutajwa tena. Miaka kumi na miwili sasa, hatujapoteza tumbawe hata moja.

Juzi tulipiga picha ya kuagana mbele ya kioo. Imechapwa nyuma ya karatasi hii. Itazameni vizuri. Mkondo wa mle ndani unakwenda kulia, niliuweka mimi, na kila kidole cha tumbawe hulala kulia. Mama Mwani amesimama kushoto. Tafuteni kidole kimoja kilicholala kulia. Mimi nimetafuta kwa miwani miwili, sijakiona.

Mama Mwani, asante kwa kazi ambayo wageni hawakuiona. Nenda ukakae juani na wajukuu wako. Tunakutakia mchana mrefu, macho mazima na rangi za kweli. Funguo za chini nimepewa mimi, maana wengine wote wamekataa. Siogopi. Ila ukipata nafasi, njoo. Hata kila siku.